Mbegu za Mkilua

Kila alfajiri, akishamaliza kusali, mtunga maua alifagia chini ya mkilua wake kabla hajaonja chai. Uwanja uliobaki uliweza kungoja mpaka jua lipande, hata mpaka adhuhuri siku za kazi nyingi, lakini pale chini ya mkilua fagio lilipita bado gizagiza. Alizoa majani na maua yaliyoanguka, akazitenga mbegu moja moja kwa vidole, akazitia katika jiko la makaa, kisha ndipo akateleka birika. Sisi majirani tuliposikia mbegu zinapasuka motoni tulikuwa tukiambiana kwamba mwenzetu keshaamka, anachoma choyo chake.

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikusudii kueleza ukoo wake. Hapo Gazi kila mtu alikuwa na lake la kumwita, mimi nitamwita kwa kazi yake, kwa sababu ni kazi hiyo iliyotukutanisha, na kwa sababu katika haya nitakayoyasema yamo mambo mawili ambayo hayapendezi yakiwekwa jina la mtu. La kwanza ni lake. La pili ni langu.

Kazi yake ilikuwa kutunga vikuba. Kikuba ni kishada kidogo cha maua ya harufu, mwanamke akakibana nyweleni au kifuani, na bi harusi asiyekuwa nacho huku kwetu huhesabiwa kama hakupambwa, hata awe amejaa dhahabu mpaka viwiko. Mtunga maua alitia asumini, mrehani, kipande cha mkadi, na katikati, pale ambapo macho hayafiki lakini pua inafika, alitia kilua kimoja. Kilua ni ua la mkilua. Kwa sura si ua la kumsimamisha mtu njiani, ni dogo, lina wekundu na umanjano, linainamia chini kama mtoto aliyekaripiwa. Lakini harufu yake ukiinusa mara moja, miaka kumi baadaye ukipita mahali ilipo utageuka nyuma kumtafuta mtu.

Mikilua haikuwa mingi. Asumini kila nyumba inayo, lakini mkilua, tangu Msambweni mpaka Waa, nilijua mmoja tu uliokuwa mikononi mwa mtu, nao ni ule wake. Watu wa Wasini walituma mtu avuke maji kufuata vikuba vyake, akivibeba ndani ya bakuli lenye kitambaa kibichi, na huyo mtu alipewa masharti mpaka akajuta kukubali kazi: asikae juani, asikae karibu na samaki, asikifunue kitambaa kuchungulia.

Masharti alikuwa nayo mengi. Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Inachumwa ikiwa tumba, baada ya alasiri, na inatungwa magharibi haijaingia, ili ifunguke usiku juu ya mwili wa mwenyewe. Mwenye kukimbilia maua yaliyokwisha kufunguka aliambiwa kwamba ua la asubuhi limeshasema maneno yake yote usiku, atavaa ukimya. Mkono uliokata kitunguu haukugusa sinia lake. Mama wa bi harusi aliyekuja na papara aliwekwa kwenye mkeka, akapewa chai, akangojeshwa makusudi, mpaka pumzi zimrudie. Hapo ndipo mtunga maua alipoanza kuchambua matumba, taratibu, akikata uzi kwa meno.

Hoteli moja ya Diani iliwahi kumwajiri. Walitaka mashada ya asumini ya kuwavisha wageni wanapofika kutoka uwanja wa ndege, na wageni walikuwa wakifika saa sita mchana. Akawaambia kwamba asumini saa sita mchana ni kelele ya bure. Wakamwambia wao ndio wenye hoteli. Basi akatunga jinsi anavyojua yeye, matumba matupu, na wageni wakavishwa shingoni vitu mfano wa kamba ya punje za mchele, havina harufu, havina sura. Msimamizi akamtumia maneno makali na kumwambia asirudi. Usiku ule matumba yakafunguka. Wageni waliokuwa wameyatundika juu ya vioo vyao waliamka wakauliza kumetiwa nini chumbani. Kesho yake bibi mmoja wa Kizungu alifika Gazi kwa miguu kutoka barabara kuu, jasho linamtiririka, akamkalia kwenye mkeka asubuhi nzima bila lugha ya kusemezana. Hoteli ikamtaka arudi. Hakurudi. Alisema mtu akishakufukuza kwa kutojua, akikurudisha bado hajajua.

Ulimi wake ulikuwa mkali, na alikuwa akiupenda. Kijana akimsalimia kwa “sasa” alijibu kwamba sasa ni saa kumi na robo, je, shikamoo iko wapi. Waendesha bodaboda aliwaita kwa majina ya mama zao, na kila aliyekwenda mbio mbele ya nyumba yake habari zilifika kwa mama huyo kabla pikipiki haijapoa. Mimi aliniambia siku moja, mbele ya watu, kwamba nimerithi pua ya marehemu baba yangu na akili ya mbuzi wake. Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili mwanangu alishikwa na homa, naye akaja na mchuzi wa kuku, akalala kwangu sakafuni siku tatu, akimkanda mtoto kwa maji, na siku ya nne akaondoka bila kuaga.

Kwa hivyo nikimwita mchoyo najua ninasema uongo, na nikimwita mkarimu najua pia. Mrehani wake ulikuwa wa mtaa mzima. Asumini alimpa kila aliyetaka, na tawi la kupandikiza juu yake, na maelezo ya namna ya kulimwagilia. Binti wa maskini alimtungia kikuba sawasawa na cha binti wa tajiri, hakipungui tumba hata moja, wala hapokei kitu. Lakini mkilua haukuguswa. Hakutoa mbegu, hakutoa mche. Mtu akiuliza aliupata wapi alibadilisha mazungumzo, na asiyeelewa alionyeshwa mlango. Hapo ndipo jina la mkono wa birika lilipomshika, na wenye kumpa jina hilo ni walewale waliokuwa wakinywa chai yake.

Mambo mengine mawili yalinishangaza, nikayaacha kama yalivyo. La kwanza, mtunga maua hakuvaa ua. Wanawake wote wa Gazi wametoka nyumbani kwake wakinukia, yeye nywele zake zilinukia sabuni. Ukimuuliza alijibu kwamba mpishi hushiba kwa harufu. La pili ni kwamba mwanamke huyuhuyu, aliyekuwa akiyatukana maua ya plastiki kwenye harusi za siku hizi mpaka wenye harusi wakaona haya, alikuwa na waridi za plastiki juu ya televisheni yake, ndani ya glasi, akizipangusa vumbi kila Ijumaa. Niliwahi kumkamata katikati ya kupangusa nikacheka. Hakucheka. Akaniambia, “Haya nimeyanunua, mwanangu, kwa pesa yangu. Hakuna atakayekuja kuniuliza.”

Mimi mkilua niliuomba mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeolewa juzijuzi, bado harufu ya kikuba changu ninaikumbuka, na nilitaka mche niupande kwa mume wangu. Akasema mche wa kuombwa haushiki. Mara ya pili nilimwombea mama yangu aliyekuwa mgonjwa na aliyependa ile harufu, naye akamletea mama maua yenyewe kila jioni mpaka mama akafariki, lakini mche hakutoa. Mara ya tatu nilikuwa nimerudi kwetu na mtoto mmoja na godoro moja, talaka mkononi, sina kazi. Ilikuwa imetoka habari kwamba kule Diani kuna mtu anatengeneza bustani kubwa ya mimea ya pwani, na kwamba yeyote mwenye mmea wa asili usiopatikana ovyo aende nao, huenda akapewa kazi kitaluni. Nilimweleza yote haya. Nilipiga magoti, na mimi si mtu wa magoti. Akasema, “Hata ukilia damu,” akaingia ndani.

Kesho yake alfajiri nilisimama nyuma ya ukuta wake wa makuti. Nilimsikia ndani anamalizia nyiradi, sauti yake ikipanda na kushuka. Nilijua nina muda wa kama vile mtu kuvaa viatu. Nikaingia, nikapapasa chini kwa viganja, nikaokota mbegu tatu, nikazifunga katika pindo la leso na kutoka. Nilipofika kwangu nilisikia fagio lake linaanza.

Moja ilioza, moja ililiwa na kuku. Ya tatu ilikaa kimya mpaka nikaikatia tamaa, kisha ikatoka. Niliipeleka bustanini ndani ya kopo la siagi, ina majani manne. Mwenye bustani aliinama akaitazama muda mrefu, akaniuliza nimeipata wapi, nikamjibu kwamba ni ya uwanjani kwa bibi yangu. Nikapewa kazi siku ileile. Mpaka leo ugali ninaoula na karo niliyomlipia mwanangu vimeota kutoka katika kopo lile, na sitaki kulisema hilo kwa kuzungukazunguka.

Miaka kumi na moja nilifanya kazi Diani na kulala Gazi, na kila jioni nilipita mbele ya nyumba ya mtunga maua nikamwamkia. Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Mimi niliacha kuzihesabu. Mche wangu ulikua ukawa kichaka, kikapita urefu wangu, kikatoa maua. Wenye bustani wakakisimamishia kibao, kimeandikwa jina la mmea kwa lugha tatu, na chini yake kwamba ni zawadi kutoka kwa bibi wa mmoja wa wafanyakazi. Nilikuwa nikipita hapo bila kukisoma.

Kisha mkilua wake ulikufa. Mpwa wake, kwa nia njema, alimchimbia choo kipya nyuma ya nyumba, na shimo likapita katikati ya mizizi. Kaskazi ile majani yakajikunja, na kabla ya mvua kufika kukabaki kuni. Sote tulikwenda kumpa pole, kama msibani. Nilijua mimi peke yangu kwamba ule wa Diani uko hai, na sikuweza kumwambia bila kujiaibisha. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anachambua mchele. Hakulia. Alisema, “Mwenyewe kaja kuchukua chake,” nami nikaitikia innalillahi, nikidhani anamsema Mwenyezi Mungu.

Tangu siku hiyo hakufagia tena alfajiri, na vikuba vyake vikawa vya asumini na mrehani tu. Wateja walipungua. Macho nayo yakaingia ukungu. Nilimwona akikosa tundu la sindano mara tatu, nne, naye akajifanya anaifikiria sindano yenyewe.

Sasa nifike kwenye jioni ile. Bustani yetu, tangu miaka michache, huwashwa taa wakati wa vuli, mvua zikishaosha majani na wageni wa mwisho wa mwaka wameanza kuingia. Taa ndogondogo hufungwa matawini, nyingine hufichwa chini ya majani mapana, njia zikachorwa kwa mwanga, na watu hulipa kuingia magharibi ikipita. Mtunga maua alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kwa jicho lile jipya alikuwa hashibi kutazama. Mtoto wa jirani akamwonyesha bustani kwenye simu. Kesho yake akaniita.

“Kumbe ndiko unakofanya kazi, na hujawahi kunichukua.”

Nikasema mvua. Nikasema mbu, na ni mbali, na njia zinateleza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza vyote, kisha akaniuliza siku gani watu wa kazi huruhusiwa kuingiza wazee wao. Ni Alhamisi. Akasema basi Alhamisi.

Siku tatu zile sikulala vizuri. Nilichora njia kichwani: tukiingia tutashika mkono wa kushoto, tutazunguka kidimbwi cha mayungiyungi, tutapita kwenye minazi, tutoke. Mkilua uko kulia, nyuma ya mkwaju. Macho yake ni jicho moja, miguu yake haitaki safari ndefu. Nilijiambia kwamba naweza kabisa.

Tulikwenda kwa gari la jirani. Alivaa buibui lake la sikukuu na viatu vya ngozi alivyoletewa na mahujaji. Mlangoni kulikuwa na askari wetu, kijana wa bara mwenye moyo mzuri, akamwambia, “Shosho, poa? Ingia tu, leo wewe ni mgeni wetu.” Mtunga maua akasimama. Akamuuliza kwao bara wazee huamkiwa hivyo. Kijana akacheka kwa haya, akavua kofia, akasema shikamoo, naye akamwitikia marahaba kwa sauti ya kumbariki kabisa, na tangu hapo yule kijana alikuwa wake.

Nitasema kweli, kwa robo saa ya kwanza nilisahau hofu yangu. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alisimama mbele ya kila mti. Mbuyu uliowashwa taa za rangi ya samawati aliuambia umepambwa kama bi harusi asiyetakiwa. Mayungiyungi yaliyofumba alinionyesha kwa kidole, kwamba haya yana adabu, yameona usiku yamelala. Kisha akautazama kwa mbali mkwaju, ambao usiku hukunja vijani vyake, na ambao kwa sababu ya taa ulikuwa umekunja nusu na nusu haukukunja.

“Maskini,” akasema, “wamemnyima usingizi.” Akataka kwenda kuushika.

Nikasema twende kwanza kwenye minazi. Akasema minazi anayo Gazi. Nilimshika mkono kumgeuza, na hapo upepo ukatoka upande wa mkwaju.

Alisimama wima. Sikumwona akivuta pumzi, aliacha kuvuta. Kisha akautoa mkono wake katika wangu, polepole, bila hasira, akaenda. Jicho moja na miguu ya wasiwasi, lakini alikwenda mbele yangu kama mtu anayeingia chumbani mwake. Akauzunguka mkwaju. Mkilua ulikuwa pale, taa mbili chini yake, maua yameinama kwenye mwanga, na kibao chake.

Mtunga maua alivua viatu. Nilidhani miguu imemuuma, nikainama kumsaidia, akanizuia. Akaviweka pembeni ya njia, akakanyaga udongo mtupu, akasimama.

“Huu umetoka wapi?” akaniuliza. Hakunitazama.

Ile hadithi ya bibi yangu ilinijia mdomoni, yote, imepangwa. Haikutoka. Nikasema, “Kwako, Bibi. Mbegu tatu. Alfajiri, hujafagia.”

Nyuma yetu ilifika familia moja, baba, mama na watoto, wakatuomba tusogee kidogo wapate kupiga picha na lile ua. Tukasogea. Walipiga picha nyingi. Mtoto mmoja akasema linanukia kama duka la mama yake. Tulisimama bega kwa bega, mimi na yeye, tukiwangoja wamalize, na ule ulikuwa muda mrefu kuliko miaka yote kumi na moja.

Walipoondoka akasema, “Siku moja tu nilichelewa. Nilikuwa nimekuvunja moyo jana yake, nikarefusha dua.”

Akakaa kwenye ukingo wa mawe. Akaniambia, kwa sauti ileile ya kuchambua matumba, kwamba alipokuwa kijana aliyeolewa karibuni walikwenda kutafuta kuni, yeye na wanawake wenzake, kando ya msitu wa kaya. Kaya ni mahali pa wazee, pa maombi. Mtu hatoi kitu mle, hata kijiti kikavu hatoi, hata tunda lililoanguka, na haingii na viatu. Kila mtoto wa Kidigo anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Yeye alisikia harufu. Akaingia, na viatu vyake miguuni, akaung’oa mche mdogo na udongo wake, akauficha katikati ya mzigo wa kuni. Alikusudia kuurudisha. Kila mwezi alikusudia. Kisha ukatoa ua, na bi harusi wa nyumba ya pili akaliomba, na ndoa ile ikasifiwa, na wa pili akaja, na wa tatu.

“Nikapata jina,” akasema. “Mtu akishapata jina kwa kitu, kukirudisha ni kazi.”

Nikamuuliza kwa nini alichoma mbegu. Nadhani nilikwisha kujua.

“Ili uwizi wangu usizae. Nilitaka ufe na mimi. Ukaniomba mara tatu, mwanangu, na kila mara nilisema nikupe, kisha nikajiuliza, kitu si changu, nitampaje? Nikupe na laana yake?” Akaunyooshea mkono mkilua bila kuugusa. “Ulipokufa ule wa nyumbani nikasema alhamdulillahi, mwenyewe kachukua chake, nimesamehewa. Kumbe uko huku.” Akazitazama taa. “Mimi niliuiba nikauficha. Wewe umeuiba ukauwashia taa.”

Nililia pale, mbele ya wageni, na nguo ya kazi ya bustani mwilini. Nililia kwa haya, na kwa ahueni pia, na kwa uchungu kwamba miaka yote nilimwita mchoyo, naye alikuwa akijinyima kuliko alivyotunyima sisi. Hata ua la kuvaa hakujipa. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka pumzi zinirudie, kama alivyowafanyia wale mama wa mabibi harusi.

Nilipotulia nikasema, “Bibi, naomba mche wa mkilua.” Ilikuwa mara ya nne. Sijui kwa nini nilisema, kitaluni nilikuwa nayo miche sita ya kwenye mifuko, na ufunguo wake ninao mimi.

Akanitazama kwa lile jicho jipya, akanichunguza kama uzi.

“Sina wa kukupa,” akasema. “Tutakwenda kuwaomba wenyewe. Sote wawili.”

Kesho yake asubuhi nilimwambia mwenye bustani ukweli wote, nimesimama, kopo la siagi na yote. Akasema nichukue mche nitakao, na kibao akaking’oa kwa mkono wake. Jumamosi tukaenda, mtunga maua na mimi, na mbuzi aliyemnunua mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Mzee wa kaya tulimkuta barazani kwake amekaa kwenye kiti cha plastiki, anafunga betri za redio. Mtunga maua alivua viatu mbali, akayasema yake, nami nikayasema yangu. Mzee alimaliza kufunga redio. Akasema harufu ile wameinusa kwenye harusi za mabinti zao wote, wakaijua tangu siku ya kwanza imetoka wapi.

“Sasa mbona hamkuja kunidai?” akauliza mtunga maua, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika.

“Aliyetoa ndiye hurudisha,” akasema mzee. “Tulikuwa tunakungoja.”

Mbuzi alipokelewa. Mche wakauchukua wazee wenyewe, sisi hatukuingia. Kuhusu ule wa bustanini mzee alifikiri, akasema ubaki pale ulipo, umekwisha kuombwa, wala mbegu zake zisichomwe. Jioni hiyo nilimletea mtunga maua kilua kimoja kutoka kazini. Alikizungusha vidoleni, akakinusa, kisha akaingiza mkono chini ya buibui akakibana nyweleni, mahali ambapo hakuna mtu angekiona. Nyumba nzima ilijua kwa harufu.

Alifariki kabla ya masika. Wanawake wa Gazi waliugawana mrehani wake, kila mmoja na tawi lake, na waridi za plastiki nilipewa mimi. Ninazipangusa Ijumaa.

Bustanini mimi ndiye ninayefagia upande ule wa mkwaju. Zamani nilianza na mkilua, asubuhi mapema, ili nisiuone siku nzima. Siku hizi ninaanza mlangoni, nazunguka kidimbwi, napita kwenye minazi, na nikifika kwenye mkilua jua limekwisha kupanda. Baadhi ya siku mbegu zimekwisha kuokotwa. Simwulizi mtu.